Gemu ikigoma, usikimbilie kufuta

Huenda nyumbani mwako kuna kifaa kidogo cha gemu kinachokunjwa mfano wa kitabu, chenye vioo viwili, kimoja juu na kingine chini. Huenda kililetwa na shangazi aliyekuja likizo kutoka Uingereza, au kilinunuliwa mtumba, au ni urithi wa kaka aliyekua akakiacha. Hicho ni Nintendo DS. Kilianza kuuzwa mwaka wa 2004, na ndugu yake mwembamba, DS Lite, akafuata mwaka wa 2006. Kwa jumla vifaa vya ukoo huo viliuzwa zaidi ya milioni 154 duniani kote, kwa hivyo si ajabu kwamba vingi vingali vinazunguka mikononi mwa watoto hadi leo.

Wazazi wengi wanakipenda kwa sababu rahisi. Hakidai bando, hakirushi matangazo, na si rahisi mtoto kukitumia kuzungumza na asiyemjua, kwani huduma ya kucheza kwa intaneti ya DS ilifungwa mwezi wa Mei 2014. Mtoto anakaa kimya kwenye matatu kutoka Kayole hadi mjini na hakuna anayesumbuliwa.

Balaa huanza siku kinapogoma. Hapo ndipo kila mtu hujifanya fundi, mimi nikiwa wa kwanza.

Jumamosi moja mwezi wa Februari 2024, mpwa wangu wa miaka tisa alinijia amekunja uso. "Mjomba, gemu imekufa." Mimi, ambaye katika ukoo wetu ndiye niitwaye kila redio inapokwaruza, sikutaka kuonekana sijui. Kioo kilikuwa na mstari mmoja wa maandishi ya Kiingereza. Sikuusoma. Nilichomoa memori kadi, nikaitia kwenye tarakilishi, nikaifomati, yaani nikaipangusa yote ikawa tupu kama ubao asubuhi ya Jumatatu. Kisha nikaweka menyu mpya na gemu kadhaa. Kikawaka! Dada yangu akaniletea chai na mandazi, nami nikajisifu kwa shemeji.

Chai haikuwa imepoa kabla sijasikia kilio chumbani. Kumbe kulikuwa na gemu ya Pokémon ambayo mtoto huyo na kaka yake walikuwa wakiicheza kwa zamu kwa miaka mitatu. Kiumbe wao wa kwanza walikuwa wamempa jina la mbwa wa nyanya yao, Simba. Kaka mtu alikuwa ameingia kidato cha kwanza, shule ya bweni, mwezi uliotangulia, na alikuwa amemwachia mdogo wake kifaa kwa masharti ya kutunza yote waliyokusanya hadi likizo ya Aprili. Mtoto alitimiza ahadi yake. Aliyeivunja ni mjomba.

Nawe msomaji utauliza, ule mstari wa maandishi ulisemaje? Ulisema kwamba kifaa hakikuiona faili iitwayo _DS_MENU.DAT. Basi. Mtoto alikuwa akitafuta nafasi ya kuweka nyimbo, akakuta faili lenye jina la ajabu asilolijua, akalifuta. Dawa yake ilikuwa kulirudisha faili hilo moja mahali pake, kazi ya dakika mbili, na Simba angekuwa hai.

Ili tuelewane, hebu tutazame vitu hivi vinavyofanya kazi. DS hucheza gemu kutoka kwenye kadi ndogo iliyo bapa, ukubwa wa stempu hivi. Kadi ya flashi ina umbo lile lile, ila ina mwanya wa kutilia memori kadi ya simu, ile ndogo ya microSD. Iliyovuma kuliko zote iliitwa R4. Kadi ya flashi yenyewe haina gemu ndani yake. Ni kama jiko tupu, makaa unaleta mwenyewe, na makaa hayo yamo kwenye memori kadi: faili la menyu, mafaili ya gemu, na mafaili madogo yanayoweka kumbukumbu ya pale mtoto alipofika.

Kwa hivyo kunapotokea hitilafu, usiulize "kimeharibika?" Uliza "kimefika wapi?" Washa kifaa utazame kinapokwama.

Ikiwa menyu ya DS yenyewe inasema hakuna kadi iliyoingizwa, bado hujafika kwenye programu. Hapo ni uchafu. Chomoa kadi ya flashi, tazama vile vijistari vya rangi ya dhahabu mgongoni, uvipanguse kwa pamba yenye spiriti kidogo, uache vikauke. Tafadhali usipulize kwa mdomo. Najua sote tulilelewa tukipuliza kadi za gemu, lakini pumzi ina unyevu, na unyevu na chuma havipatani.

Ikiwa nembo ya kadi ya flashi inaonekana kisha kifaa kinaganda au kinaandika kwamba faili fulani halipo, tatizo liko kwenye memori kadi au kwenye faili la menyu. Ikiwa menyu inafunguka vizuri, orodha ya gemu inaonekana, lakini ukichagua gemu moja vioo vyote viwili vinageuka vyeupe pe, basi mshuku faili la gemu hiyo kwanza. Jaribu nyingine. Moja ikikataa na kumi zikikubali, kosa ni la hiyo moja. Huenda faili lilikatika wakati wa kunakiliwa, au menyu ni ya zamani kuliko gemu yenyewe.

Lakini zikianza kukataa nyingi, hasa zile zilizowekwa mwisho, nakuomba uitilie shaka memori kadi. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo pesa za wazazi zinapopotelea.

Kuna memori kadi za uongo. Juu zimeandikwa gigabaiti 32, na ukizitia kwenye tarakilishi zinasema 32, lakini ndani kuna chipu ya 4 au hata 2. Aliyeitengeneza ameifundisha kudanganya. Unapoweka mafaili ya kwanza yanakaa salama, kwa sababu nafasi ya kweli ipo. Ukishaipita nafasi hiyo, kadi inaendelea kupokea na kujibu "ndiyo bwana", kumbe inayaandika mafaili mapya juu ya yale ya zamani, au inayatupa kabisa. Majina yote yanaonekana kwenye orodha. Ni kama mwenye nyumba aliyepangisha chumba kimoja kwa watu wanane na kila mmoja ana risiti.

Kuna njia ya kuigundua. Programu ya bure iitwayo H2testw, iliyotoka Ujerumani, huijaza kadi yote kwa mafaili ya majaribio kisha huyasoma tena moja baada ya jingine. Wanaotumia Linux wana F3, ambayo hufanya kazi hiyo hiyo. Ikiwa kilichoandikwa sicho kinachosomwa, umeuziwa hewa. Jaribio hilo linaweza kuchukua saa moja au zaidi kwa kadi kubwa, na sharti lifanywe kadi ikiwa tupu, baada ya kunakili kila kitu kwingine. Lifanye siku ile ile unaponunua, wakati muuzaji bado anakukumbuka sura.

Hata kadi ya kweli inaweza kukataliwa kwa ukubwa wake. R4 ya kwanza kabisa haikuweza kusoma kadi inayozidi gigabaiti 2. Zilizokuja baadaye zinasoma zile ziitwazo SDHC, za gigabaiti 4 hadi 32. Kadi zinazozidi 32 hutoka kiwandani zikiwa zimepangwa kwa mtindo uitwao exFAT, ambao DS hauujui hata kidogo, nao huona kadi kama haipo. Mtindo unaotakiwa ni FAT32, au FAT kwa kadi ndogo za zamani. Watu hununua kadi kubwa wakidhani wanampendelea mtoto. Kwa DS, gigabaiti 2 za uhakika ni bora kuliko 64 za fahari.

Kuna pia ugonjwa mmoja ambao ulinisumbua hadi nikadhani ni uchawi. Kadi ya flashi ilifanya kazi miaka na miaka, kisha siku moja, bila kuguswa, ikakataa kufungua gemu yoyote. Sababu yake ni hii. R4 ya asili ilipopata sifa, waigaji walijaa sokoni, kila mmoja akiandika R4 na herufi mbili tatu za kuongeza. Baadhi ya waigaji hao waliipanga menyu yao iitazame tarehe ya kifaa, na ikifika siku fulani igome, ili mnunuzi aende kununua kadi mpya. Huo ni wizi wa mchana. Ukiona dalili hiyo, ingia kwenye mipangilio ya DS urudishe saa nyuma miaka kadhaa. Kadi ikifufuka, umempata mchawi. Suluhisho la kudumu ni kubadilisha menyu na kuweka nyingine ya bure isiyotazama kalenda, kama YSMenu, lakini hakikisha kwanza kwamba unayoweka ni ya aina ya kadi uliyo nayo. Menyu ya kadi moja mara nyingi haifanyi kazi kwenye nyingine hata zikifanana kama pacha. Soma lebo, herufi kwa herufi.

Walio na DSi au 3DS wajihadhari na jambo jingine. Vifaa hivyo huweza kusasishwa, na baadhi ya masasisho ya DSi mwaka wa 2009 na baadaye yalizifungia nje kadi kadhaa za flashi. DS na DS Lite havisasishwi, kwa hivyo havina wasiwasi huo.

Na si kila unachodhani ni hitilafu ni hitilafu. Watengenezaji wa gemu walijua kwamba gemu zao zinanakiliwa, wakatega mitego. Katika Pokémon Black na Pokémon White, aliyecheza nakala ya wizi kwa menyu isiyojua mtego huo aligundua kwamba viumbe wake wanashinda mapambano lakini hawapati nguvu yoyote, wanabaki vile vile kama mwanafunzi anayerudia darasa kila mwaka. Kilichonichekesha zaidi ni gemu ya Michael Jackson ya mwaka wa 2010. Nakala za wizi zilipiga sauti ya vuvuzela juu ya nyimbo! Kombe la Dunia la Afrika Kusini lilikuwa limemalizika miezi michache tu kabla. Hebu fikiria kijana wa Ulaya akitikisa kifaa chake akidhani spika imepasuka.

Hapo nimegusa suala ambalo sitalikwepa. Kampuni ya Nintendo iliwashtaki wauzaji wa kadi hizi. Mahakama ya Tokyo iliamuru uuzaji wa R4 ukomeshwe mwaka wa 2009, na Mahakama Kuu ya London ikaamua vivyo hivyo dhidi ya muuzaji mmoja mwaka wa 2010. Hapa Kenya, Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inalinda programu za tarakilishi kama inavyolinda vitabu. Kushusha gemu ya mtu bila kulipa ni kuchukua jasho lake, na mzazi asimwambie mtoto vinginevyo eti kwa sababu mwenyewe yuko mbali. Kadi yetu ilikuja na gemu ndani, sikuuliza zilitoka wapi, na sijivunii hilo. Lakini kadi hizi zina matumizi yasiyo na doa. Kuna programu zilizoandikwa na wapenzi wa DS na kutolewa bure: Moonshell ya kusikilizia muziki na kutazama picha, DSOrganize ya kuweka shajara na kalenda, na Colors!, ya kuchora kwa kalamu juu ya kioo cha chini. Nimeona mtoto akichora saa nzima kwa Colors! bila kuulizia chakula.

Michoro hiyo nayo hukaa kwenye memori kadi. Inapofomatiwa, inakwenda.

Sasa turudi kwa Simba. Kumbukumbu ya gemu hukaa katika faili dogo ambalo jina lake huishia na .sav. Faili la Pokémon yao lilikuwa na kilobaiti 512. Picha moja ya simu ya siku hizi inalizidi mara kadhaa. Miaka mitatu ya ndugu wawili ingeweza kutumwa kwa barua pepe kabla maji ya chai hayajachemka, nami sikulinakili kwa sababu nilikuwa na haraka ya kusifiwa.

Kwa hivyo wewe, gemu ikigoma, fanya hivi kabla ya jambo jingine lolote. Toa memori kadi, itie kwenye tarakilishi, fungua folda mpya uiandike tarehe ya leo, unakili kila kitu kilichomo, pamoja na usivyovijua. Ukimaliza, itoe kadi kwa utaratibu kwa kubofya pale pa kuondoa. Kuichomoa ghafla huacha mafaili nusu nusu, na hicho ni chanzo kimoja cha magonjwa tuliyoyataja. Baada ya hapo jaribu dawa nyepesi kwanza: soma maandishi ya kioo, rudisha faili la menyu, panga upya makosa ya kadi kwa programu ya ukaguzi iliyomo ndani ya Windows. Kufomati ni dawa ya mwisho. Ajabu ni kwamba ndiyo huwa ya kwanza kutajwa na kila unayemuuliza.

Na ikiwa umeshafuta? Acha. Usiandike chochote kwenye kadi hiyo. Kufuta au kufomati kwa haraka huondoa orodha ya mafaili tu, mafaili yenyewe hubaki hadi kitu kingine kiandikwe juu yake, na programu za kurejesha kama TestDisk au Recuva huweza kuyaokoa mengi. Mimi nilijaribu. Lakini nilikuwa nimeshajaza gemu mpya, nafasi yote ilikuwa imekanyagwa.

Kuna watu pia hudhani kumbukumbu imepotea kumbe ipo. Menyu hulitambua faili la .sav kwa kulinganisha jina lake na la gemu. Mtoto akibadilisha jina la gemu ili lipendeze kwenye orodha, gemu huanza mwanzo kana kwamba haikuwahi kuchezwa. Rudisha jina, kila kitu kitarudi. Isitoshe, menyu nyingine hutaka faili liishie .sav na nyingine .nds.sav, kwa hivyo ukibadilisha menyu unaweza kupata mshtuko wa bure.

Hilo la mwisho nililijua Aprili. Kaka mtu alirudi likizo, nikaenda mwenyewe kumweleza, maana sikutaka asikie kutoka kwa mdogo wake. Hakulia. Aliuliza, "Hata Simba?" Nikamwambia hata Simba. Akanyamaza kitambo, kisha akasema kuna laptopu ya zamani ya baba yake juu ya kabati, na kwamba zamani aliwahi kuitumia kuhamisha nyimbo.

Laptopu haikuwa na betri, ikabidi tuiwashe ikiwa kwenye umeme. Ndani ya folda ya nyimbo tulikuta nakala ya memori kadi nzima, ya Agosti 2022. Tukalichukua lile faili la .sav tukaliweka kwenye kadi. Gemu ikaanza mwanzo, kana kwamba hakuna kitu. Watoto wakanitazama. Ndipo nilipokumbuka kwamba menyu niliyoweka siku ile ya chai na mandazi haikuwa ile ya kwanza. Tukaongeza .nds katikati ya jina, tukarudisha kadi, tukawasha.

Simba alikuwepo, mdogo, kiwango cha 14, na karibu nusu ya waliyokusanya haikuwepo. Mdogo mtu alikwishanyoosha mkono kuchukua kalamu. Kaka yake akamzuia, akanigeukia.

"Mjomba, umenakili?"

Nilikuwa bado.